Viungo vya Mwalimu havifunguki

Saa nane mchana hapa Kondele, Kisumu, ni saa ya kusinzia. Jua limekaa juu ya mabati, wapiga debe wamechoka kuita, na feni yangu ya ukutani, ambayo ilikataa kugeuka tangu mwaka jana, inapuliza mashine namba tano na sita peke yake kati ya kompyuta za saiba yangu ya intaneti. Wateja wazoefu hukimbilia huko. Mwalimu si mzoefu. Alipanda ngazi zetu polepole, akavuta kiti cha plastiki mbele ya meza yangu, akaketi, akafungua begi la ngozi na kutoa laptopu iliyofunikwa taulo. Taulo aliifunua taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

"Binti yangu," akasema, "viungo vyangu havifunguki."

Nikaangalia magoti yake. Mzee ameshapita sabini, na ngazi za jengo letu zilijengwa na mtu aliyewachukia wazee.

"Pole sana, Mwalimu. Umeshaenda hospitali?"

Alinitazama kwa yale macho ya mtu aliyesahihisha insha za watoto wa watu maisha yake yote. "Viungo vya baruapepe," akasema.

Ikabidi nikumbuke ninaongea na nani. Mwalimu alifundisha Kiswahili upande wa Maseno mpaka akastaafu, na ni yeye peke yake, kati ya watu wote ninaowajua, ambaye maneno ya vitabuni huyatumia kwa mdomo. Kwake laptopu ni kipakatalishi, simu ni rununu, kibodi ni baobonye. Mimi nimezaliwa Manyatta, Kiswahili changu nimekiokota soko la Kibuye na redioni, kwa hiyo nikisema "linki imekataa" yeye husubiri kidogo, ananipa nafasi ya kujirekebisha, na nisipojirekebisha anasema mwenyewe: "Kiungo kimekataa." Mwaka wa tisa huu naendesha saiba, na hakuna mteja mwingine anayenirudisha darasa la sita namna hiyo.

Shida yake ilikuwa hivi. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikuwa amemtumia mkataba wa mkusanyiko wake wa hadithi fupi. Mambo ya bahasha yameisha. Siku hizi unatumiwa linki, unabonyeza, mkataba unafunguka kwenye brauza, unatia sahihi hapo hapo kwa kipanya. Linki hiyo ilipewa siku saba za kuishi. Mwalimu alihangaika nayo nyumbani siku nne, siku ya tano akaenda mazishini, siku ya sita akapanda matatu kuja kwangu.

Swali langu la kwanza kwa mtu mwenye shida ya aina hii huwa ni moja: ukibonyeza, unaona nini? Mambo ya bando na aina ya mashine nauliza baadaye. Karibu kila mtu hunijibu "haifunguki tu", na haifunguki ni neno pana kama ziwa. Kuna haifunguki ya kubonyeza halafu kimya, kana kwamba umebonyeza ukuta. Kuna ya ujumbe kutokea. Kuna ya ukurasa kufunguka kweli, lakini ukawa mweupe au ukakwambia unachotafuta hakipo. Hizo ni shida za nyumba tatu tofauti, na ukianza kutibu kabla ya kujua ni ipi, utampa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

"Mwalimu, bonyeza nione."

Akafungua Outlook, programu yake ya barua, toleo la zamani ambalo mwanawe alimwekea, akaifikia ile barua, akabonyeza. Kisanduku kidogo kikaruka katikati ya skrini kikisema, kwa Kiingereza cha kiofisi, kwamba kazi hii imesitishwa kwa sababu ya vikwazo vilivyowekwa kwenye kompyuta hii, na kwamba mwenyewe awasiliane na msimamizi wa mfumo.

"Nimemtafuta msimamizi huyo siku nne," akasema. "Ni nani?"

Laptopu ile aliyeiweka sawa mara ya mwisho ni mimi. Kama ina msimamizi duniani, basi yuko mbele yake.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi ondoa vikwazo."

"Sijaweka."

Akanyamaza, akaweka mikono juu ya begi. Namjua. Huo ni ukimya wa mwalimu anayesubiri mwanafunzi aseme ukweli.

Ujumbe huo umewatesa wengi, na mimi mwenyewe mara ya kwanza kukutana nao ulinipotezea siku nzima. Unasema ukweli, lakini ukweli wa mahali pengine. Unafaa kompyuta za ofisi kubwa, ambako kweli kuna mtu wa tehama anayefunga hiki na kuruhusu kile. Kwenye laptopu ya mtu binafsi mara nyingi hakuna aliyezuia chochote. Programu ya barua imeuliza "hapa nani anafungua kurasa?" na jibu lililorudi halieleweki, basi.

Nikaanza kumwelezea Mwalimu njia yenyewe, kwa sababu yeye si wa kuambiwa "ngoja nitengeneze". Programu ya baruapepe haijui kufungua ukurasa wa mtandao. Kazi yake ni barua. Ukibonyeza linki, inaitupia Windows: chukua, kuna anwani hapa inaanza na https. Windows nayo ina daftari lake la ndani. Inalifungua, inatafuta jina la brauza iliyoandikishwa kwa kazi hiyo, inampasia mwenye jina. Brauza ndiyo inayokwenda mtandaoni kuuleta ukurasa. Watu watatu, mpira mmoja.

"Kumbe!" Mwalimu akaketi wima. "Basi neno letu lina haki zaidi kuliko nilivyodhani. Kiungo. Kiungo wa kati." Mwalimu ni wa Gor Mahia, kama ukoo wangu mzima isipokuwa mjomba mmoja ambaye hatumtaji. "Anapokea kwa beki, anageuka, anamtafuta mshambuliaji."

"Hapo hapo, Mwalimu."

"Na kama mshambuliaji ameshaondoka uwanjani?"

Nilikuwa nimeshika kipanya. Nikakiachilia.

Mwezi uliotangulia Mwalimu aliniletea laptopu hiyo hiyo akilalamika kwamba inatambaa. Ramu yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ndogo, na brauza yake, Chrome, yenye vidirisha kumi na saba ambavyo Mwalimu hakujua kwamba viko wazi, ilikuwa imeikalia shingoni. Ilikuwa jioni, nilikuwa na foleni ya watu wa kupiga chapa, nikafanya uamuzi wa haraka: nikaing'oa Chrome, nikaweka Firefox, nikamwonyesha alama ya mbweha, nikamwambia "uwe unatumia hii". Sikumwambia Windows. Yaani nilimtoa mshambuliaji, nikamwingiza mwingine akiwa amevaa jezi na viatu, lakini kwenye karatasi ya mwamuzi jina lililoandikwa ni la yule aliyekwenda zake. Kila mpira ukawa unapigwa mahali ambapo hakuna mtu.

"Mwalimu," nikasema, "kosa ni langu."

"Nilikuwa nasubiri," akasema, bila hasira hata kidogo.

Mkataba kwanza, lawama baadaye. Jambo ambalo ningependa kila msomaji wangu alikumbuke hata akisahau mengine yote ni kwamba linki iliyokataa kubonyezwa bado unaweza kuibeba kwa mkono. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya linki, chagua kunakili anwani, fungua brauza mwenyewe, bandika pale juu, bonyeza Enter. Kwenye simu unakandamiza linki kwa kidole mpaka menyu itokee. Ikifunguka, umepata ulichotaka na pia umejua ugonjwa ulipo: linki ni nzima, mtandao ni mzima, mbovu ni yule wa kupasi mpira. Isipofunguka hata ukiibandika, basi usihangaike na mashine yako. Linki yenyewe imekufa, au imekatika, au haikuwa nzima tangu mwanzo.

Kabla sijabandika, Mwalimu akaniuliza swali ambalo vijana hawaniulizi. "Unajuaje kwamba kimetoka kwa mchapishaji kweli?"

Nikamwonyesha. Weka kipanya juu ya linki bila kubonyeza, anwani halisi inajitokeza pembeni. Maneno ya buluu unayoyaona kwenye barua ni pambo tu, mtu anaweza kuandika chochote pale. Kwenye anwani, achana na https na mikwaju yake miwili, soma mpaka mkwaju mmoja unaofuata, kisha rudi nyuma ukitokea hapo: mwenye nyumba ni yule aliye karibu na huo mkwaju. Matapeli hupenda kuweka jina la ofisi unayoiheshimu mwanzoni, hata na .go.ke yake kamili, halafu baada yake wakafuatisha nukta na jina lao na .com. Mtu anasoma mwanzo, anatulia, anabonyeza. Mwalimu aliitoa miwani, akaisoma anwani ya mchapishaji kwa kurudi nyuma, herufi moja moja. Ilikuwa ya kweli. Nikaibandika kwenye Firefox, na mkataba ukafunguka kwa kurasa zake kumi na moja.

Nilidhani atashuka chini kabisa aweke sahihi kama watu wote. Nilimkosea heshima. Alianza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.

Wakati huo mama wa omena akapanda juu na simu yake. Anauza hapo chini karibu na stendi, omena na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aliyetolewa minofu, na harufu ya mikono yake hufika chumbani kabla yake mwenyewe. "Nyar Manyatta," akaniita, yaani binti wa Manyatta, "hii kitu inanizungusha." Alikuwa anathibitisha akaunti ya mkopo wa biashara. Kwenye simu yake linki ilikuwa inafunguka vizuri, lakini ndani ya Gmail yenyewe, siyo kwenye Chrome. Ukurasa unamwomba namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi; yeye anatoka kwenda kusoma ujumbe; akirudi anagusa alama ya Gmail, anakuta barua, ule ukurasa umeshapotea. Anabonyeza linki tena, namba mpya inatumwa, ya zamani haifai. Alikuwa na namba sita kwenye simu na zote zimekufa.

Simu yenye kumbukumbu ndogo hufanya hivyo: ukiipa kisogo, inafunga kile ulichokiacha wazi. Dawa yake ni ndogo. Ukurasa ukifunguka, gusa nukta tatu pale juu, chagua kuufungua kwenye Chrome. Huko unakuwa kidirisha kinachojitegemea na unaweza kukirudia. Au uingie kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya mipangilio ya jumla, uzime ile inayosema "Open web links in Gmail". Nilimzimia. Namba ya saba ikakubali. Akaniahidi omena ya mia, na ahadi zake hutimia, kwa hiyo sikumtoza.

Mwalimu alikuwa ukurasa wa nne. "Hapa wameandika mrabaha," akasema, "na kule juu wameandika mrahaba. Ningependa kujua nitalipwa upi."

Nikamwambia Mwalimu asome polepole, tuna muda. Neno la kujitakia. Anga upande wa ziwa lilikuwa limekuwa jeusi bila mimi kutazama, na mvua ya Kisumu haibishi hodi. Radi moja, mbili, na ya tatu ikaondoka na stima. Mashine zote sita zikazima pamoja, feni ikapunga mara mbili za kuaga, na kile kisanduku cha intaneti kwenye kona kikafumba macho yake ya kijani.

Laptopu ilibaki hai kwa betri yake. Betri hiyo naijua: dakika ishirini, ishirini na tano ukipunguza mwanga. Ukurasa wa mkataba ulikuwa bado kwenye skrini kwa sababu ulishafunguka, lakini sahihi haiwezi kwenda Nairobi bila mtandao. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikaiunganisha laptopu, nikapunguza mwanga wa skrini mpaka Mwalimu akalazimika kuinama.

"Mwalimu, zimebaki kurasa ngapi?"

"Sisomi mkataba kwa kukimbia."

Hakukimbia. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Betri ilifika asilimia kumi na moja ndipo akafika chini, akashika kipanya kwa mikono miwili, akachora sahihi iliyofanana na omena aliyekaangwa akajikunja. Nikabonyeza kutuma. Duara likazunguka, likazunguka, na barua ya uthibitisho ikaingia. Laptopu ikazima yenyewe kama dakika nne baadaye, tukiwa tumeshaanza kunywa chai ya kwenye chupa yangu.

Stima ilirudi saa kumi kasoro. Na hapo kijana wa mashine namba tatu, aliyekuwa anatuma maombi ya kazi, akaita: "Madam, linki haifunguki!" Nikamwuliza kama kuna ukurasa mwingine wowote unaofunguka. Akajaribu. Hakuna, hata imeli yenyewe. Kila mahali onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Kama hakuna kinachofunguka popote, linki haina hatia. Nikamwonyesha kona ya chini ya skrini. Tarehe 1 Januari 2009.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya ukubwa wa sarafu, ambayo kazi yake kubwa ni kuishikilia saa wakati umeme haupo. Ya namba tatu ilikufa zamani. Stima ikiwepo huwezi kujua; stima ikikatika tu, mashine inaamka ikiwa haijui ni mwaka gani. Na tovuti za https hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Brauza inayoamini kwamba tuko 2009 inaletewa cheti kilichotolewa juzi, inaona kitu cha kutoka siku zijazo, inakikataa. Inafanya kazi yake sawasawa kabisa. Mwongo ni saa. Nilirekebisha tarehe kwa mkono, kama ninavyofanya kila baada ya radi, na kijana akaendelea. Ndiyo, najua, betri hiyo inauzwa duka la chini. Nimekuwa nikisema nitanunua kesho tangu mvua za mwaka jana.

Sasa laptopu ya Mwalimu, ikiwa imechomekwa ukutani. Hatua ya kwanza ilikuwa kufanya nilichopaswa kufanya mwezi uliopita: kuingia kwenye mipangilio ya Windows 10, sehemu ya Apps, kisha Default apps, na pale penye brauza nikachagua Firefox. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, na kama linki zako zinafunguka kwenye brauza usiyoitaka, hapo ndipo pa kwenda. Nikafungua Outlook, nikabonyeza.

Vikwazo. Msimamizi wa mfumo.

"Bado ananitafuta," nikasema.

Tatizo la Outlook hizi za zamani ni kwamba haziangalii tu nani ameandikishwa kwa https. Zinaangalia pia faili zenye mkia wa .html ni za nani, na hiyo ni mistari mingine ya daftari. Chrome ilipokuwa mwenyeji iliandika jina lake pale, na ilipong'olewa jina lilibaki. Daftari lenyewe linaitwa rejista, na unalifungua kwa kuandika regedit kwenye sehemu ya kutafutia. Nasema hili kwa sauti ya chini kwa sababu si mahali pa kuchezea: ukifuta usichokijua, Windows inaweza isiamke kesho. Kabla ya kugusa chochote nilichagua "Export", nikahifadhi nakala kwenye flashi. Kisha nikaenda HKEY_CURRENT_USER, Software, Classes, mpaka kwenye .html. Na pale, upande wa kulia, likawa limekaa jina la marehemu: ChromeHTML.

Nilimgeuzia Mwalimu skrini ajionee. Aliliangalia kwa muda.

"Mtu amehama," akasema, "lakini barua zake bado zinaletwa hapa."

Nikalifuta, nikaandika htmlfile, ambalo ndilo jina la kawaida la Windows kwa kazi hiyo. Nikafanya hivyo hivyo kwa .htm na ndugu zake .xhtml na .shtml, maana walikuwa na ugonjwa mmoja. Nikafunga Outlook, nikaifungua upya, nikampa Mwalimu kipanya. Alibonyeza linki ya mkataba uliokwisha sainiwa. Mbweha akaamka, ukurasa ukaja ukisema shukrani, hati hii imekamilika.

Kama rejista inakutisha, na si vibaya ikikutisha, kuna njia ya kuzunguka: iweke tena ile brauza uliyoing'oa, ifanye ndiyo ya kufungulia kila kitu, kisha badilisha uteuzi uende kwa brauza mpya huku ile ya zamani ikiwa bado ipo. Baada ya hapo ndipo uing'oe. Kocha yeyote wa mtaani anajua: wa akiba anaandikwa kwanza, wa zamani anatoka baadaye. Mimi nilifanya kinyume, na mzee wa watu akakosa usingizi siku nne.

Alipotaka kulipa nikakataa. Tukavutana kidogo kama kawaida, yeye akisema kazi ni kazi, mimi nikisema kosa ni kosa. Mwishowe aliacha noti ya mia mbili chini ya kikombe cha chai bila mimi kuona, akashuka ngazi ameshika ukuta. Hela hiyo ilinunua CR2032 mbili kabla ya saa kumi na mbili. Namba tatu imewekewa, namba moja pia, maana nayo ilianza kunipa wasiwasi.

Usiku, nikiwa Manyatta na miguu ndani ya beseni, simu ikalia. Baruapepe kutoka kwa Mwalimu. Salamu za aya mbili, shukrani za aya moja, na chini yake linki ndefu, bila maelezo. Nikaigusa. Ukurasa haupo.

Nikaiangalia vizuri nikacheka peke yangu. Mwalimu alijifunzia kuandika kwenye taipureta, na mpaka leo mstari ukikaribia mwisho yeye hubonyeza Enter, hata kama yuko katikati ya anwani. Linki ilikuwa imekatika mahali hapo: nusu ya juu ni ya buluu na imepigiwa mstari, nusu ya chini ni maandishi meusi ya kawaida. Programu ya barua huichukua linki mpaka inapokutana na nafasi au mstari mpya, halafu inaona imemaliza. Inayobaki haiihesabu. Nikanakili nusu ya kwanza, nikabandika, nikaongeza ya pili bila kuacha nafasi hata moja katikati, nikabonyeza.

Ulikuwa ukurasa wa kamusi. Neno: kiungo. Maana zote zimepangwa, ya mwilini, ya jikoni, ya uwanjani, na nyinginezo.

Nikaanza kumjibu. Niliandika, "Mwalimu, imefunguka." Nikaitazama sentensi, nikarudi nyuma, nikafuta herufi moja, nikaandika mbili.

"Mwalimu, kimefunguka."